Kuchelewa kwa Uchachukaji katika Upikaji wa Mbege Nyumbani: Sababu, Utambuzi na Namna ya Kushughulikia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini uchachukaji wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi ipikwayo na Wachaga wa mkoa wa Kilimanjaro, huchelewa, na nini mpishi afanye hali hiyo inapotokea. Hoja kuu ni kwamba kuchelewa ni dalili inayoweza kutokana na hali tatu tofauti: chachu ambayo haijaanza kazi, chachu inayofanya kazi polepole, na chachu iliyokwisha kuacha kazi. Kila hali ina tiba yake, na tiba ya hali moja huweza kuwa madhara kwa nyingine. Kwa hiyo, makala yanaeleza kwanza sababu, kisha njia rahisi ya kutambua hali iliyopo, na mwisho hatua zinazofaa kuchukuliwa kwa mpangilio.

1.0 Utangulizi

Mbege haipikwi kwa ajili ya kukata kiu tu. Katika jamii ya Wachaga, pombe hii huhitajika katika posa, harusi, vikao vya ukoo na shughuli nyingine ambazo haziwezi kusemwa kuwa zimekamilika pasipo kata ya mbege kuzunguka mikononi mwa wazee. Aidha, kwa wanawake wengi wa vijijini na mijini, upikaji wa mbege ni kazi inayolipa ada za shule na mahitaji ya nyumbani. Katika mazingira yote mawili, mpishi huhesabu siku kurudi nyuma kuanzia siku ya shughuli au siku ya soko. Pombe ikichelewa kwa siku moja, hasara haiishii kwenye ndizi na kuni. Wageni wamekwisha alikwa, na wateja watakwenda kwingine.

Ni katika saa hizo za wasiwasi ambapo makosa makubwa hufanyika. Mpishi huongeza kilo kadhaa za sukari, huweka pipa jikoni karibu mno na moto, hulifunga kabisa kwa imani kwamba joto litahifadhiwa, au huchanganya pombe kali ili mnywaji asitambue kwamba mbege haijaiva. Makala haya yanashikilia kwamba mengi ya makosa hayo hutokana na kutotofautisha aina za kuchelewa. Anayeelewa kilichomo ndani ya pipa hahitaji kukisia.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana kimaana katika uwanja huu, na ukaribu huo wenyewe una fundisho. Kitenzi chacha hutumika kwa chakula kilichoharibika na kuwa kichungu au chenye ukali: wali umechacha, mchuzi umechacha. Nomino chachu hutaja kitu kinachofanya unga uumuke au pombe iive. Kwa maneno mengine, lugha imeweka kuharibika na kuiva katika mzizi mmoja. Mpishi wa pombe anaishi kati ya maana hizo mbili, kwa sababu rojo lile lile linaweza kuwa mbege au likawa siki, kutegemea ni vijidudu gani vitakavyotangulia kulitawala.

Katika makala haya, chachu ni kuvu wadogo wasioonekana kwa macho, hasa spishi ijulikanayo kwa jina la kisayansi Saccharomyces cerevisiae. Hamira ni chachu ya spishi hiyo hiyo iliyokaushwa na kuuzwa dukani kwa ajili ya mikate na maandazi. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Uchachukaji ni kazi ya chachu ya kugeuza sukari kuwa alkoholi na hewa ya ukaa. Kuchacha kutatumika kwa maana ya kuharibika kunakosababishwa na bakteria, hasa wale watengenezao asidi ya siki.

Ujuzi kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai ulipata nguvu kupitia utafiti wa Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyechapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen, katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg mjini Copenhagen, alifanikiwa kutenga chachu safi kutokana na seli moja. Hatua hizo mbili zinaeleza jambo la msingi kwa mpishi wa leo: pombe inapochelewa, swali la kuuliza ni viumbe hawa wako wapi, ni wangapi, na wanakosa nini.

3.0 Hatua za Upikaji na Mahali Chachu Inapoingia

Ingawa wapishi hutofautiana, mfumo wa jumla wa kupika mbege unafahamika. Ndizi zilizoiva sana humenywa, hupondwa na kuchemshwa kwa saa kadhaa mpaka rojo ligeuke rangi ya wekundu wa kahawia. Rojo huachwa lipoe na kukaa siku kadhaa likichachuka, kisha huchujwa. Ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, na unga wake hupikwa uji. Uji uliopoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na magome ya mti wa msesewe huongezwa ili kutoa uchungu, kama hopsi zinavyofanya katika bia ya shayiri. Mchanganyiko huachwa kwa takriban siku moja kabla ya kunywewa.

Mfumo huu una vipindi viwili vya uchachukaji: kipindi cha rojo la ndizi, na kipindi cha mchanganyiko wa maji ya ndizi na uji. Kuchelewa kunaweza kutokea katika kipindi chochote, lakini chanzo mara nyingi kimo katika kipindi cha kwanza. Kuchemsha kwa saa nyingi huua karibu viumbe vyote vilivyokuwamo katika ndizi, chachu ikiwamo. Baada ya hapo, chachu ni lazima irudi kutoka nje: kutoka kwenye pipa lililotumika awali, kwenye mwiko, kwenye masalia ya mbege iliyotangulia, kwenye vumbi la kimea, au kwenye hewa. Mpishi asiyeongeza chachu kwa makusudi anategemea bahati ya chombo chake.

Hapa ndipo badiliko la vyombo linapokuwa na athari. Chombo cha mbao kina nyufa na vinyweleo vinavyohifadhi chachu kutoka upishi mmoja hadi mwingine. Ndoo ya plastiki iliyosuguliwa kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu haina hazina hiyo. Usafi huo ni jambo jema, kwani chombo cha mbao huhifadhi pia bakteria. Hata hivyo, anayeosha chachu yote ana wajibu wa kuirudisha.

4.0 Sababu za Kuchelewa

4.1 Baridi

Chachu ya Saccharomyces cerevisiae hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 20 na 30 za Selisiasi. Joto likishuka, kasi hupungua. Kwa kanuni ya jumla ya michakato ya kibiolojia, kushuka kwa nyuzi 10 hupunguza kasi kwa takriban nusu au zaidi. Vijiji vingi vya ukanda wa migomba na kahawa mlimani Kilimanjaro viko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku huwa wa baridi kali. Kwa hiyo, mbege iliyoiva kwa siku 3 mwezi wa Februari haiwezi kudaiwa ratiba hiyo hiyo mwezi wa Julai.

4.2 Joto lililozidi

Sababu hii ni kinyume cha ile iliyotangulia, na husahauliwa mara nyingi. Pipa kubwa la rojo huhifadhi moto kwa muda mrefu. Sehemu ya juu inaweza kuonekana imepoa ilhali katikati bado kuna joto kali. Mpishi akitia hamira au masalia ya mbege ya zamani wakati rojo lina zaidi ya nyuzi 45, sehemu kubwa ya chachu hudhoofika au hufa. Kesho yake pipa huwa kimya, na mpishi hulaumu hamira.

4.3 Ndizi zisizoiva vya kutosha

Ndizi mbichi ina wanga mwingi na sukari kidogo. Kadiri inavyoiva, vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari, mpaka ndizi mbivu ikawa na sukari ya takriban gramu 15 hadi 20 katika kila gramu 100 za nyama yake. Chachu haiwezi kula wanga moja kwa moja. Ndizi zikichemshwa kabla ya wakati, vimeng'enya huharibiwa na moto, na wanga uliobaki hauna wa kuugeuza. Pipa litakuwa zito, lenye utamu hafifu na uchachukaji dhaifu. Haraka ya siku 2 katika kuivisha ndizi hulipwa baadaye.

4.4 Ukosefu wa virutubisho na oksijeni

Sukari peke yake haitoshi. Ili kuzaliana, chachu huhitaji nitrojeni, madini na vitamini. Ndizi ina protini kidogo, takriban asilimia 1, ilhali ulezi una takriban asilimia 7, na kuotesha huvunja sehemu ya protini hiyo kuwa chembe ndogo ambazo chachu inaweza kuzitumia. Kwa hiyo, ulezi katika mbege ni lishe ya chachu pamoja na kuwa ladha na uzito wa pombe. Mpishi anayepunguza ulezi kwa sababu ya bei anapunguza pia posho ya wafanyakazi wake.

Vilevile, chachu huhitaji oksijeni kidogo mwanzoni ili kujenga ngozi za seli mpya. Maji yaliyochemshwa hupoteza oksijeni iliyokuwamo. Rojo lililopoa likimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mara mbili au tatu kabla ya kutia chachu, hewa hurudi. Jambo hili lifanyike mwanzoni tu, kwa kuwa hewa inayoingia baada ya pombe kuiva huwasaidia bakteria wa siki.

4.5 Sukari iliyozidi na mabaki ya sabuni

Rojo lililochemshwa mno hupoteza maji na kuwa na sukari nyingi kwa kila lita. Mkusanyiko mkubwa wa sukari huvuta maji kutoka ndani ya seli za chachu na kuzidhoofisha. Mabaki ya sabuni au dawa ya klorini katika pipa ambalo halikusuuzwa vizuri nayo huzuia kazi.

5.0 Kutambua Hali Iliyopo

Kabla ya kuongeza chochote, mpishi atambue kwanza yuko katika hali ipi kati ya tatu zilizotajwa. Dalili za kawaida ni povu juu ya rojo, viputo vinavyopanda, sauti ya mchemko mdogo sikio linapokaribishwa, na utamu unaopungua siku hadi siku. Povu peke yake si shahidi wa kutegemewa, kwani linaweza kuanguka wakati kazi bado inaendelea. Utamu ni shahidi bora zaidi: ukionja asubuhi na jioni, na utamu ukawa unapungua, chachu iko kazini hata kama pipa limenyamaza.

Mwenye haidromita anaweza kupima kwa uhakika zaidi. Maji matupu husoma 1.000, maji yenye sukari husoma juu ya hapo, na namba hushuka kadiri sukari inavyoliwa. Kwa kuwa mbege ina chembe za unga zinazovuruga kipimo, kiasi cha kupima kichujwe kwa kitambaa safi na kutikiswa ili hewa itoke. Namba isiyobadilika kwa siku 2 mfululizo inaonyesha kwamba uchachukaji umekoma.

Kwa asiye na kifaa, kuna jaribio la chupa mbili. Chota rojo lililochujwa, utie nusu lita katika kila chupa safi. Chupa ya kwanza itiwe hamira kidogo, ya pili isitiwe kitu. Zote mbili zifunikwe kwa kitambaa, bila kizibo, na kuwekwa mahali pamoja penye joto la nyuzi 25 hadi 30 kwa saa 12. Matokeo yasomwe hivi:

(a) Chupa zote mbili zikitoa viputo, chachu imo ndani ya pipa. Kinachoichelewesha ni baridi.

(b) Chupa yenye hamira pekee ikitoa viputo, pipa lina chakula lakini chachu ni chache au imekufa.

(c) Zote mbili zikinyamaza na rojo si tamu, sukari imekwisha au haikuwapo. Kama pombe ina ukali wa kileo, imeiva. Kama haina, ndizi hazikuwa zimeiva.

(d) Zote mbili zikinyamaza na rojo bado ni tamu sana, kuna kizuizi: sukari iliyozidi, mabaki ya sabuni au ukosefu wa virutubisho. Rudia kwa rojo lililozimuliwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Likichachuka, kizuizi kilikuwa kikali mno kwa wingi wake, na pipa zima linaweza kuzimuliwa. Hata hivyo, harufu au ladha ya sabuni ikiwapo, rojo lisinywewe.

Jaribio hili hugharimu lita 1 ya rojo na usiku mmoja. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kuharibu pipa zima kwa tiba isiyohusika.

6.0 Hatua za Kuchukua

Hatua ya kwanza ni kungoja kwa kiasi. Chachu iliyotiwa hutumia saa nyingi kuzaliana kabla ya kutoa dalili zinazoonekana. Ukimya wa saa 24 katika majira ya baridi ni jambo la kawaida. Ukimya wa zaidi ya saa 48 unahitaji kuchunguzwa, kwa sababu rojo tamu lisilo na mlinzi ni karamu kwa bakteria na ukungu.

Hatua ya pili, iwapo tatizo ni baridi, ni kuongeza joto kwa upole. Pipa lifungwe blanketi au magunia, liinuliwe kutoka sakafuni, na kuhamishiwa chumba kilicho karibu na jiko. Lisiwekwe juu ya makaa. Chupa za maji ya moto zilizozungushwa nje ya pipa hutosha kupandisha nyuzi kadhaa. Kisha rojo likorogwe taratibu kwa mwiko safi ili chachu iliyotuama chini iinuke.

Hatua ya tatu, iwapo chachu ni chache, ni kuongeza chachu iliyo hai. Njia ya kienyeji ya kuomba lita moja ya mbege inayochemka kwa jirani ni sahihi kisayansi, mradi mbege hiyo iwe na harufu nzuri. Atumiaye hamira ya dukani achukue gramu 5 hadi 10 kwa kila lita 20, aziloweke katika maji safi yenye nyuzi 35 hadi 40 kwa dakika 15, kisha aongeze rojo la pipa kijiko baada ya kijiko mpaka mchanganyiko ukaribie ubaridi wa pipa. Tofauti ya zaidi ya nyuzi 10 kati ya hamira na pipa huishtua chachu na kuipunguza nguvu.

Hatua ya nne, iwapo virutubisho ni haba, ni kuongeza uji mwepesi wa kimea cha ulezi uliopikwa na kupozwa. Kimea hicho kiwe kikavu na kisicho na ukungu. Ulezi ulioota kwa unyevu mwingi hupata ukungu unaoweza kuzalisha sumukuvu, na sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha. Pipa lenyewe likionyesha ukungu wa rangi au harufu ya uozo, limwagwe. Hakuna shughuli ya ukoo iliyo na thamani kuliko afya ya wanaukoo.

7.0 Mambo ya Kuepuka

La kwanza ni kuongeza sukari kabla ya kujua sababu. Sukari haiamshi chachu iliyolala kwa baridi wala haifufui iliyokufa. Huongeza mzigo tu. Na ikitokea chachu ikaamka baadaye, pombe huwa kali kuliko ilivyokusudiwa, na mnywaji aliyezoea mbege ya kawaida hatakuwa na habari.

La pili ni kufunga chombo kabisa. Kilo 1 ya sukari aina ya glukosi, ikichachuka yote, hutoa hewa ya ukaa ya takriban gramu 490, yaani zaidi ya lita 250 katika joto la kawaida. Hakuna dumu la lita 20 linaloweza kubeba shinikizo hilo. Dumu lililofungwa na kusahaulika hupasuka, na limewahi kuwa na utulivu ule ule uliomshawishi mpishi alifunge. Kwa sababu hiyo hiyo, mapipa mengi yasiwekwe katika chumba kidogo kisicho na dirisha ambamo watu hulala, kwani hewa ya ukaa ni nzito na hukaa chini.

La tatu ni kuficha ubichi wa mbege kwa kuongeza pombe kali au kemikali. Tendo hilo halitibu kuchelewa. Linamhamishia mnywaji hatari ambayo mpishi ameshindwa kuikabili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuchelewa kwa uchachukaji hakuna tiba moja. Baridi hutibiwa kwa joto, upungufu wa chachu kwa chachu, upungufu wa lishe kwa kimea, na ndizi mbichi kwa subira kabla ya kumenya. Ikumbukwe pia kwamba polepole si kosa kwa asili yake. Bia aina ya laga, iliyoanzia Ulaya ya Kati, huchachushwa kwa makusudi katika nyuzi 8 hadi 13 na kuhifadhiwa kwa majuma kadhaa, na jina lake latokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuweka ghalani. Kinachomtofautisha mpishi wa laga na mpishi aliyeshikwa na wasiwasi ni kwamba wa kwanza alijua tangu mwanzo kwamba pombe yake itakwenda polepole, akapanga siku zake hivyo.

Mpishi wa mbege naye anaweza kupanga. Katika miezi ya baridi aanze siku 1 au 2 mapema, aweke akiba ya masalia yenye chachu hai kutoka kila upishi ulio mzuri, na ajizoeze kuonja rojo asubuhi na jioni. Siku ya shughuli ikifika, atakuwa na jibu la kuwapa wazee kuhusu mbege yake, na kata itazunguka kwa wakati.